Kora ikiingia kwenye bendi: nyuzi 21 na nani amfuate nani

Umeweka wimbo wa mchanganyiko, gitaa na ngoma na pengine selo (fidla kubwa ya upinde), na ghafla katikati kuna kitu kinamwagika kama shanga zilizokatika uzi. Gitaa halimwagiki hivyo. Kinubi cha Ulaya kingekaribia, ila hapa kila noti inaanza na mdonoo mkavu kabla ya kuchanua. Chini besi inatembea, katikati kuna mzunguko usiokoma, juu sauti zinakimbizana. Sikio linahesabu wapigaji watatu. Ni mmoja, na anatumia vidole vinne tu: gumba mbili na vidole viwili vya shahada. Vilivyobaki vimeishikilia ala isianguke.

Hiyo ni kora, ala ya Wamandinka wa Gambia, Casamance kusini mwa Senegal, Guinea-Bissau, Guinea na Mali. Chimbuko lake linatajwa kuwa Kaabu, dola ya Kimandinka iliyokuwa kati ya Gambia na Guinea-Bissau za leo. Msafiri Mungo Park, katika kitabu chake cha mwaka 1799, aliiita korro na kuhesabu nyuzi 18. Leo za kawaida ni 21, na Casamance utakuta kora za nyuzi 22. Wenyewe ni majali, au majeli kwa matamshi ya Mali, na kazi yao haiko mbali na ya manju: kutunza nasaba, kusifu, kupatanisha, kuimba historia. Ndiyo maana majina ya koo hujirudia kwenye kava za albamu: Diabaté, Kouyaté, Sissoko, Cissokho, Suso, Konté. Jobarteh ni Diabaté hiyohiyo, kwa tahajia ya Gambia iliyotawaliwa na Waingereza.

Kabla ya kuendelea, hakikisha ni kora kweli uliyoisikia. Albamu nyingi kutoka Mali zina kamale ngoni, ala ya Wasulu, watu wa kusini mwa Mali, inayofanana nayo kwa umbo na kupigwa kwa gumba na shahada vilevile. Muziki wa mwimbaji Oumou Sangaré umeijaa. Tofauti inasikika haraka ukiimba do re mi kichwani. Kamale ngoni huwa na noti tano kwenye oktava, kwa hiyo kuna noti unazozingoja wala haziji, na mwendo wake ni wa kurukaruka, mzito chini. Kora ina ngazi kamili ya noti saba. Ngoni ya kawaida, ile ya mpigaji Bassekou Kouyaté wa Mali, ni ukoo mwingine kabisa: ina shingo ya kubania nyuzi, kama gambusi.

Namna ilivyojengwa

Buyu kubwa hukatwa nusu, kipenyo chake mara nyingi kati ya sentimita 40 na 50. Ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa huvutwa juu ya mdomo wake na kupigiliwa misumari yenye vichwa vipana, kisha huachwa ikauke na kujikaza yenyewe. Mti wa shingo unapenya buyu na kutokeza upande wa chini, na hapo mwishoni ndipo penye pete ya chuma inayobeba nyuzi zote. Fimbo mbili zinapita chini ya ngozi sambamba na shingo. Hizo ndizo mishikio. Fimbo ya tatu inakatiza kwa upana, na juu yake, nje ya ngozi, daraja linasimama wima kwenye kimto kidogo. Ubavuni mwa buyu kuna tundu la sauti.

Daraja halina gundi wala msumari. Linashikiliwa na mvuto wa nyuzi peke yake. Matatizo mengi yatakayotajwa huko mbele yanaanzia hapo.

Daraja la gitaa limelala na nyuzi zimepangwa juu yake kwa upana. La kora ni ubao uliosimama, umechongwa meno pande zote mbili, nyuzi 11 kushoto na 10 kulia, moja juu ya nyingine. Mpigaji anaiweka mbele yake, ngozi na nyuzi zikimtazama yeye, buyu likiwaelekea wasikilizaji. Nyuzi za besi ziko karibu naye, mahali gumba zinapofika bila kujinyoosha. Nyembamba ziko ndani, upande wa ngozi, na hizo ni za vidole vya shahada.

Ramani ya nyuzi kwa do re mi

Aliyepitia kwaya atalielewa hili haraka kuliko mpiga gitaa. Katika mpangilio uitwao silaba, ambao wengi sasa huuweka do ikiwa F, nyuzi za kushoto kuanzia besi ni hizi:

do, so, la, ti, re, fa, la, do, mi, so, ti.

Na za kulia:

do, mi, so, ti, re, fa, la, do, re, mi.

Angalia vizuri. Nne za kwanza kushoto, do so la ti, ni besi ya gumba. Baada ya hapo ngazi inaanza kuvuka: do kulia, re kushoto, mi kulia, fa kushoto, na kuendelea. Kwa kuwa noti ni saba, na saba haigawanyiki kwa mbili, ukifika oktava ya juu mikono imebadilishana: do sasa iko kushoto, re kulia. Kwa hiyo ukitaka do na do ya juu yake kwa pamoja, unatumia mikono miwili, na ukiparaza nyuzi zinazofuatana upande mmoja unapata noti za kurukana, mi so ti, yaani akodi iliyo tayari. Mlolongo wa kasi unaosikika kama maji ni mikono miwili inayopokezana hatua moja moja, jambo ambalo mkono mmoja wa gitaa hauwezi kuliiga bila jasho. Mwisho wa juu kabisa unavunja utaratibu: do, re, mi tatu za mwisho zote ziko kulia. Mbio zinazopanda hadi pale zinaangukia kidole kimoja cha shahada, na ndipo mpigaji anayejifunza hujikwaa.

Tabaka mbili zina majina yake. Kumbengo ni mzunguko unaorudiwa, ule unaobeba wimbo. Birimintingo ni mmiminiko wa kasi unaochomoka humo, aghalabu ukishuka, kisha unarejea kwenye kumbengo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa lugha ya muziki wa dansi, kumbengo ni rizimu na besi kwa mkupuo mmoja, birimintingo ni solo. Mpigaji mzuri hasimamishi ya kwanza ili apige ya pili. Gumba zinaendelea kutembea.

Hakuna noti nyeusi

Sasa tuje kwenye mchanganyiko wenyewe. Kora haina noti za katikati. Kila uzi una noti moja, basi. Mpiga kinanda anayependa kupandisha ufunguo nusu hatua kwenye kibwagizo cha mwisho ameomba nyuzi 21 zikazwe upya huku wimbo ukiendelea. Kwa hiyo swali la kwanza katika mazoezi si nani anaanza, ni kora imekazwa wapi, na wengine wahamie huko.

Bila kugusa uzi wowote, kora iliyo kwenye F inakupa pia D ndogo, kwa kufanya la kuwa nyumbani, na G yenye ladha ya huzuni isiyolia, kwa kufanya re kuwa nyumbani. Ukitaka zaidi, hesabu nyuzi. Fa ziko mbili tu kwenye kora nzima, moja kila upande. Zipandishe nusu hatua, ziwe fi, na umepata sauta, mpangilio wa kale wa Kimandinka, ambao noti zake ni zilezile za C kubwa na A ndogo. Kazi ya nyuzi mbili, dakika moja. Ukitaka kwenda upande mwingine, ushushe ti ziwe ta upate B bemoli, ti ziko tatu. Kupita hapo gharama inapanda haraka, na busara ni kuchagua ufunguo mwingine wa wimbo kabla ya kumtesa mtu.

Seckou Keita, mpiga kora mzaliwa wa Casamance, hutumia pia kora ya shingo mbili, kila shingo na mpangilio wake. Ni suluhisho, ila ni zito kubeba na nyuzi za kutunza zinakuwa maradufu.

Kuna tatizo la pili ambalo halionekani kwenye karatasi. Mipangilio ya kale, yaani silaba (wengine husema tomora ba), sauta, tomora mesengo na hardino, haikupimwa kwa piano. Mi na ti hasa hukaa mahali piano haina kitufe. Zikipigwa pamoja na kinanda, zinapigana: unasikia sauti ikiyumba, wau-wau-wau, kama spika mbovu. Wengi hukaza kora kwa kipimo cha kielektroniki, mambo yakanyooka, na ladha kidogo ikaenda. Njia tunayoipenda zaidi ni kumwomba mpiga kinanda aondoe mi kwenye akodi zake. Apige do na so, basi. Mi aachiwe mwenye kora. Gitaa lifanye vivyo hivyo. Ni jambo dogo, na linabadilisha wimbo mzima.

Ala zisizo na vizuizi shingoni zinakwepa tabu hii, kwa sababu kidole kinaifuata kora popote ilipo. Sikiliza Chamber Music ya mwaka 2009, mpiga kora Ballaké Sissoko wa Mali na mpiga selo Vincent Segal. Selo inabeba kumbengo kwa kudonoa, kisha inashika upinde na kuimba, na hakuna mahali unaposikia noti mbili zikisukumana.

Rekodi chache, kwa sikio hilo

Anza na kora ikiwa peke yake, la sivyo hutajua ni nini kimepotea inapoingia kwenye bendi. Kaira ya Toumani Diabaté, ya 1988, haina ala nyingine hata moja. Diabaté alizaliwa Bamako mwaka 1965 na kufariki Julai 2024, na katikati hapo hakuna aliyeipeleka kora sehemu nyingi zaidi. Mwaka huohuo wa 1988 ilitoka Songhai, akiwa na kundi la Ketama la flamenko, muziki wa Hispania, na mpiga besi Danny Thompson. Gitaa za flamenko zimezoea kapo, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti, hivyo kuhamia ufunguo wa mwenzake si taabu, na makofi ya flamenko yanakaa vizuri juu ya kumbengo.

Kulanjan, 1999, pamoja na Taj Mahal, mwanablues wa Marekani, inafundisha kitu kingine. Blues inaishi kwenye noti zilizopindwa, na kora haipindi. Gitaa linapinda, sauti ya mwimbaji inapinda, kora inasimama wima katikati yao. Kuna nyakati inakaa vizuri mno, na kuna nyakati unasikia kila mtu anampisha mwenzake mlangoni.

In the Heart of the Moon, 2005, Diabaté na mpiga gitaa Ali Farka Touré wa Mali, ndiyo ambayo tungempa mtu asiyejua lolote. Ilirekodiwa Hotel Mandé, Bamako, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Grammy. Touré anatandika mkeka wa gitaa na kukaa hapo, bila kuonyesha umahiri. Birimintingo zinapita juu yake na kuondoka. Hesabu mara ngapi gitaa linabadilisha muundo ndani ya wimbo mmoja. Utashangaa jinsi zilivyo chache.

Upande wa pili kabisa yuko Mory Kanté wa Guinea na Yé ké yé ké ya 1987, iliyouza zaidi ya nakala milioni moja. Huko kora imefungwa kwenye mwendo wa mashine na vinanda vya kielektroniki. Wapo wanaoikunjia uso. Lakini isikilize bila dharau: kora imefanywa ala ya midundo, vipande vifupi vikali, na mdonoo wake mkavu unapenya mahali gitaa lingezama. Foday Musa Suso wa Gambia alikuwa ameshapita njia jirani akiwa na Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazz, kwenye Village Life, 1985, watu wawili tu na vyombo vya kielektroniki.

Kisha kuna Clychau Dibon, 2013, Seckou Keita na Catrin Finch wa Wales, kora na kinubi kikubwa cha tamasha. Kinubi hicho kina pedali saba, moja kwa kila noti ya ngazi, na kila pedali ina nafasi tatu. Mguu mmoja unafanya kwa sekunde kile ambacho kora inahitaji kufungua na kukaza, kwa hiyo kinubi kinaweza kuifuata kora bila ugomvi. Mwanzoni utazichanganya. Tega sikio kwenye mwanzo wa noti: kinubi kinaanza mviringo na kudumu, kora inaanza na tik ndogo na kufifia mapema.

Kipaza sauti, na mahali mambo yanapoharibika

Fundi wa sauti asiyeijua kora huifanya mambo mawili. Anaelekeza maiki kwenye tundu la sauti, akidhani ndilo mdomo wake, na anapata mvumo wa pipa. Au anabandika pikapu, kinasa sauti cha kugusa ala yenyewe, na kuiamini peke yake, na anapata sauti ya bati. Anza na maiki ya kondensa kama sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, ikielekezwa karibu na daraja na kando ya tundu, kisha isogeze huku mtu akipiga nyuzi za besi na za juu kwa zamu. Jukwaani penye ngoma, changanya: pikapu ibebe nguvu, maiki ilete hewa.

Ngozi ya kora ni ngozi ya ngoma. Spika ya jukwaani ikiielekea, ngozi inatikisika, nyuzi zinatikisika, na mvumo unaanza kujizungusha wenyewe. Geuza spika kwanza. Ziba tundu kwa sponji. Ndipo upunguze besi, kidogo kidogo, kwa sababu ukikata kwa pupa do ya chini inatoweka na gumba la kushoto linabaki kufanya kazi ya bure.

Na ukisikia mchakacho wa chuma, uliza kabla ya kutafuta waya mbovu. Huenda ni nyenyemo, kibati chenye vipete pembeni kinachofungwa kwenye daraja makusudi ili sauti iwe na ukwaru. Studio nyingi za mchanganyiko hukiondoa. Tunaona ni hasara.

Kukaza, kubadilisha uzi, kusafirisha

Kwa desturi nyuzi hufungwa shingoni kwa konso, pete za ngozi zilizosukwa. Kupandisha sauti, unaishika konso kwa mikono miwili, unaizungusha kidogo huku ukiisukuma juu, mbali na buyu. Ukiisukuma bila kuizungusha, haitoki. Ukitumia nguvu zaidi inaruka ghafla na kupita noti, na uzi mwembamba unaweza kukatika. Hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea, daraja linatitia na kora nzima inashuka. Hewa kavu, au taa kali za jukwaani, inakaza ngozi na kila kitu kinapanda. Watengenezaji wengi sasa huweka vigingi au mashine za gitaa. Zinarahisisha kazi ya zile fa mbili, ila matundu 21 kwenye mti mmoja si jambo la kufanya kwa mti dhaifu, na chuma chote kile kinaelemea ncha ya shingo.

Usitarajie kukaza mara moja ikatosha. Kila uzi unaoukaza unalikandamiza daraja zaidi, ngozi inashuka kidogo, na ulioukaza kwanza umeshalegea. Anza na do za katikati, linganisha oktava kushoto na kulia, kisha jaza zilizobaki. Rudia mzunguko wote mara ya pili. Mara nyingi na ya tatu.

Zamani nyuzi zilikuwa vipande vya ngozi ya swala vilivyosokotwa. Sasa ni nailoni ya kuvulia samaki, kuanzia takriban milimita 0.6 juu hadi karibu 2 kwenye besi. Nailoni haifungwi moja kwa moja kwenye pete ya chuma. Pete ina kamba fupi nene zilizofungwa humo, na uzi unaungwa na kamba hiyo kwa fundo lile la wasuka nyavu: kamba inakunjwa kitanzi, uzi unapenya kutoka chini, unazunguka nyuma ya shingo ya kitanzi, unarudi na kujipitisha chini yake wenyewe. Acha mkia wa sentimita tatu au nne. Nailoni ni telezi, na fundo lililokatwa karibu mno litaachia usiku ukiwa umelala. Uzi mpya utaendelea kurefuka kwa siku kadhaa. Mpigaji anayeweka nyuzi mpya asubuhi ya onyesho anajitafutia makubwa.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukilegeza zote kwa pamoja, daraja linaanguka, na kulirudisha kunataka mtu wa pili wa kulishika huku nyuzi zikikazwa kushoto na kulia kwa zamu, ili lisivutwe upande mmoja. Mwaka 2020 kora ya Ballaké Sissoko ilifika Paris kutoka Marekani ikiwa imefumuliwa, daraja limetoka na nyuzi zimetengana na mwili. Vipande vilikuwepo. Lakini ala iliyofunguliwa hivyo inahitaji wiki kadhaa ili ngozi, daraja na nyuzi vizoeane tena.

Kwa safari, legeza nyuzi zote kidogo kwa kiasi kilekile, kama hatua moja, ziendelee kulibana daraja. Weka sponji pande zake zote mbili, na kipande kingine chini ya ncha ya shingo ili sanduku likiangushwa pigo lisiishie pale mti unapoingia kwenye buyu. Na kabla ya kufunga sanduku, chukua penseli uchore mstari kwenye ngozi kuzunguka mguu wa daraja.